Kumrekebisha sosera wa uchawi pori

Kwenye D&D (Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika) toleo la 2014, sosera wa uchawi pori (mhusika mchawi ambaye uchawi wake unaweza kulipuka ovyo) kila akipiga uchawi wa levo 1 kwenda juu, mwendesha gemu ndo anaamua arushe dadu ya pande 20 au asirushe, na mpaka itoke 1 ndo uchawi ulipuke na tokeo la ovyo litoke kwenye jedwali, asilimia 5 tu, sesheni nzima inaweza kuisha hola. Fanya hivi: kurusha iwe lazima, afu mara ya kwanza inalipuka ikitoka 1, ya pili 1 au 2, ya tatu 1 hadi 3, unaongeza hivohivo mpaka ilipuke ndo unarudi mwanzo. Ndani ya mara 5 nafasi inapanda toka kama asilimia 23 hadi 56! Hilo jedwali la matokeo nalo lipitie, mpira wa moto unaomlipukia mwenyewe unaweza kuua kundi zima la levo 1, mi huo naufuta mpaka wafike levo 5.