Kompyuta imepona, sauti haijarudi

Umeme umekatika, umerudi kwa kishindo, pawasaplai (kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme) imeungua. Umenunua nyingine, imefungwa, mashine imewaka na mafaili yote yapo. Unafungua wimbo: kimya. Hapo ndipo wengi ninaowahudumia hapa Tanga hufuta kila kitu na kupiga Windows upya, wakapoteza siku nzima na bando, na kimya kikabaki palepale. Tafadhali usianzie huko. Sauti ikipotea baada ya kifaa kuungua, ama chipu ya sauti imekufa, ama iko hai na kompyuta inapeleka sauti kwingine. Kwa aliyekaa kwenye kiti hali hizo mbili hazitofautiani hata kidogo. Kazi yako ya kwanza ni kuzitenganisha, na haigharimu karibu chochote.

Anza kwa kuzima kabisa. Windows 10 na 11, ukizizima kwa kawaida, huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili ziwake haraka, na draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyokwama inaweza kurudi ikiwa imekwama vilevile. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Shut down. Chomoa waya ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliobaki kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, uishe. Kwa laptopu ambayo betri yake hutoka, itoe kwanza. Kuna mashine zinazorudisha sauti kwa hilo tu.

Pili, usiiamini spika. Spika za mezani zina adapta au transfoma yake, na umeme uliounguza pawasaplai ulipita humohumo. Zichomeke kwenye simu yenye tundu la milimita 3.5, au kwenye redio. Zikiwa kimya na huko, kompyuta haina kosa. Chukua pia hedifoni unayojua ni nzima, uichomeke nyuma ya kompyuta kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni, la bluu ni la kuingiza sauti kutoka nje. Usipimie tundu la mbele ya kasha, sababu nitaieleza.

Sasa tuje kwenye jambo ninalokutana nalo kuliko yote. Mwalimu wa kwaya aliniletea kompyuta anayosikilizia rekodi za mazoezi. Pawasaplai ilikuwa imeungua pamoja na kadi ya picha, vyote vikabadilishwa, na skrini ikaunganishwa kwenye kadi mpya kwa kebo ya HDMI. Kebo hiyo hubeba picha na sauti pamoja. Windows ilipoiona kadi mpya ikaichagua kuwa njia ya sauti, ikawa inaipelekea nyimbo skrini isiyo na spika. Chipu ilikuwa nzima kabisa.

Kulikagua hilo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, uruhusu vionekane vilivyozimwa na visivyounganishwa. Chagua chenye jina la Realtek (kampuni inayotengeneza chipu nyingi za sauti), au High Definition Audio Device, ukifanye kuwa chaguo la msingi, kisha bofya Test. Tazama vistari vya kijani pembeni. Vikipanda na kushuka na husikii kitu, Windows inatuma sauti; tafuta tatizo mbele yake, yaani kwenye kifaa ulichochagua, chipu, tundu, waya au spika. Visipotikisika wakati wimbo unacheza, fungua services.msc kwa njia ileile, uanzishe upya Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder.

Je, Realtek haimo kabisa kwenye orodha? Fungua devmgmt.msc kwa njia ileile, ni orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Isipokuwemo na humo, kabla ya kuizika ingia BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uone kama sauti ya ndani imewezeshwa. Betri ndogo ya madabodi, CR2032 ya volti 3, ikichoka, mipangilio ya BIOS hupotea kompyuta inapochomolewa ukutani, na kubadilisha pawasaplai ni lazima uichomoe. Ukiwa humohumo, kama BIOS yako inaonyesha volti, zisome: laini ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, ya 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6. Nje ya hapo, pawasaplai mpya yenyewe ina mashaka, na sauti ni dalili tu. Usiifungue kuichungulia, maana kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kama kilichobadilishwa ni madabodi, draiva ya zamani huenda inagombana na chipu mpya. Ifute ndani ya devmgmt.msc, weka tiki kwenye kisanduku cha kuondoa na programu yake, uwashe upya.

Kisha kuna kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote: flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kompyuta usiotegemea Windows. Pakua Linux Mint, iandike kwa programu ya Rufus kwenye flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo na uitumie bila kusakinisha. Usiiguse alama ya Install. Fungua tamino (dirisha la kuandikia amri), andika aplay -l. Ikijibu no soundcards found, au ikitaja HDMI peke yake, na BIOS umeshaikagua, chipu haionekani na mfumo wowote; imekufa. Ikitaja kadi isiyo ya HDMI, cheza kitu chochote. Mint ikitoa sauti, kosa ni la Windows, na sasa una haki ya kuipiga upya. Ikiitaja bila kutoa sauti, andika alsamixer. Herufi MM chini ya mstari maana yake njia hiyo imefungwa, bonyeza M kuifungua. Bado kimya? Fungua kasha.

Humo ndimo lilimokuwa tatizo la pili la yule mwalimu. Tundu la mbele huunganishwa na madabodi kwa kebo nyembamba yenye plagi ya pini 9, iliyoandikwa HD Audio. Anayebadilisha pawasaplai huivuta kwa mkono bila kuiona. Sauti ya nyuma inafanya kazi, ya mbele haipo, na mwenye mali anaambiwa madabodi ni mbovu! Irudishe, pini moja imeachwa wazi makusudi, haiingii kinyume.

Kwa sisi wa pwani kuna chumvi. Matundu hushika kutu ya kijani, na laptopu hudhani hedifoni imechomekwa wakati haipo, ikazima spika zake. Umeme ukiwa umezimwa, lowesha plagi kwa isopropili ya asilimia 99, ingiza na kutoa mara kadhaa, acha ikauke. Spika ya laptopu unaipima kwa mita ya omu ukiwa umechomoa betri: ya omu 4 au 8 huonyesha pungufu kidogo ya hapo. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika, badilisha spika.

Chipu ikiwa imekufa, usilipie kuibandua. Nunua kadi ya sauti ya USB, ile ndogo yenye matundu mawili. Windows na Linux huitambua bila draiva ya ziada. Ichomeke nyuma, izime chipu mbovu ndani ya BIOS, urudi mmsys.cpl kuichagua kadi mpya. Spika za bluetooth zinafaa kwa kusikiliza tu. Kwa kurekodi zinachelewa, na mwimbaji atapotea mapigo.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma baada ya hapo, chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi, na uangalie kama kuna aliyeikata pini ya ardhi kwenye plagi ya pawasaplai.