Somo: Kusoma mchanga uliotulia kwenye kilindi cha ziwa la kale

Chukua sampuli ya kisima cha kutafuta mafuta, ule mche wa mwamba uliopasuliwa katikati, uulowanishe maji. Mwamba mkavu huficha mengi.

Hatua ya 1. Usikimbilie mchanga. Anza na tope jeusi lililouzunguka. Likiwa na tabaka nyembamba kama kurasa, bila matundu ya minyoo, lilitulia penye maji yasiyo na oksijeni. Ukikosa hilo, una mchanga tu. Kilindi bado hujakithibitisha.

Hatua ya 2. Kagua kitako cha kila tabaka la mchanga. Hapa mimi hukaa sana. Mkondo mzito wa tope na mchanga hushuka mteremko ukikwangua sakafu ya ziwa. Mashimo yale hujaa mchanga, yakabaki kama vinundu chini ya tabaka, ncha nene ikielekea mkondo ulikotoka. Kwenye mche mwembamba kuviona ni bahati. Vipande vya tope vilivyong'olewa ndivyo utakavyovikuta zaidi.

Hatua ya 3. Panda na punje. Mwaka 1962 mwanajiolojia Arnold Bouma aliupanga mfuatano wa tabaka la mkondo kama huo, toka chini kwenda juu: mchanga unaopungua ukubwa kwenda juu, mistari sambamba, viwimbi, mistari myembamba ya punje laini kama vumbi, kisha tope. Usitarajie kuzikuta sehemu zote tano. Punje zisipopungua, na vipande vya tope vikielea hadi juu, huenda ni poromoko lililoganda ghafla.

Hatua ya 4. Pima tope lililo katikati ya michanga, maana ndilo huzuia mafuta kupita toka mchanga mmoja hadi mwingine.

MASWALI

— Mwalimu, ziwa lina tofauti gani na bahari?
Maji yasiyo na chumvi ni mepesi, hivyo mto uliojaa tope huzama humo kwa urahisi na kutambaa chinichini. Mwanasayansi wa Uswisi, Forel, aliona mto Rhône ukifanya hivyo katika ziwa la Geneva, karne ya 19.

— Kuna mahali mafuta yamepatikana kweli?
Sea Lion, kaskazini mwa visiwa vya Falkland, mwaka 2010: mchanga wa ziwa la enzi ya Kretasia, wakati wa dinosaria. Tope la ziwa lilelile ndilo lililozaa mafuta. Kwenye bonde la Ordos, China, mafuta yapo pia, ila punje ndogo na madini yaliyoziba nafasi kati yake huyafanya yatoke kwa shida.

— Nina mita kumi za mchanga. Si hifadhi nzuri ya mafuta hiyo?
Ni mita kumi mfululizo, ndugu yangu, au vitabaka ishirini vilivyotengwa na tope? Rudi hatua ya 4 kwanza, ulete vipimo.