Mambo ya kupanga kabla ya kwenda Italia kusoma Kiitaliano

Kijana wa Watamu, pwani ya Kenya, au Kiwengwa, Zanzibar, akisema anataka kwenda Italia kusoma Kiitaliano, wenzake humcheka: si unakijua tayari? Na kweli anakijua, kile cha ufukweni. Waitaliano wako pwani ya Malindi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti kule Ngomeni, na hoteli na mikahawa yao ikafuata. Kwa Kiitaliano hicho bichi boi wa Malindi au papasi wa Zanzibar anauza safari ya boti, anabishana bei, anatania na kuchekesha watu.

Darasani mambo hubadilika. Kiitaliano cha ufukweni kina tabia mbili ngumu kuzifuta: kila mtu husemeshwa kwa *tu*, yaani "wewe" ya kirafiki, na vitenzi hukaa vilevile bila kunyambuliwa. Italia karani wa posta, mwalimu, mwenye nyumba na mzee wa jirani husemeshwa kwa *Lei*, "wewe" ya heshima, na kitenzi hugeuka kufuata heshima hiyo. Kwetu mtoto asiyetoa shikamoo hutazamwa vibaya. Huko ukimwita daktari *tu* utatazamwa hivyohivyo, hata kama matamshi yako ni ya kuvutia.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia nauli, jipime. Ngazi za kujua lugha zinakwenda kutoka A1, ya mwanzo kabisa, hadi C2, ya juu kabisa, na shule nyingi zina jaribio la kukupangia darasa. Anayeongea bila kusita lakini hajawahi kuandika barua anaweza kuwekwa chini ya alivyotarajia, na hapo wengi hununa. Ushauri wangu ni kufika na A2 mkononi: wakati uliopo, wakati uliopita, namna ya heshima, na kuandika aya mbili tatu. Kulipa euro ili ufundishwe kunyambua *essere*, kitenzi cha "kuwa", ni hasara, maana hilo unalimaliza nyumbani kwa kitabu na simu. Nairobi kuna taasisi ya utamaduni ya serikali ya Italia, na vipindi vya redio ya Rai, shirika la utangazaji la Italia, husikika mtandaoni. Mswahili ana bahati ya irabu, kwa kuwa a, e, i, o, u hazimsumbui. Zinazomsumbua ni konsonanti zinazokazwa mara mbili. Hizo anza kuzizoeza sikio mapema.

Halafu mji. Wengi hukimbilia Roma, Milano au Firenze kwa sababu ndiyo majina wanayoyajua. Firenze ni nzuri mno, lakini imejaa wanafunzi wa Kimarekani na watalii, na mhudumu wa mkahawa akihisi unasitasita atahamia Kiingereza kabla hujamaliza sentensi. Mimi ningetazama Perugia au Siena. Miji hiyo miwili ina vyuo vikuu vya umma vilivyowekwa hasa kwa wageni. Kozi za Perugia zilianza 1921. Ni miji midogo ambayo muuza mboga hana lugha nyingine ya kukuokolea. Perugia hutoa mtihani wa Kiitaliano uitwao CELI, Siena hutoa wake, CILS, na jumuiya ya Dante Alighieri, inayoeneza Kiitaliano, hutoa PLIDA. Kama nia yako ni kuendelea na shahada inayofundishwa kwa Kiitaliano, kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni B2, basi hesabu miezi ya kozi ukirudi nyuma kutoka hapo. Napoli iache kwanza. Ni mji mtamu, lakini mtaani watu huongea lahaja yao, na mwanagenzi ataona kama hajawahi kusoma chochote.

Upande wa makaratasi, mstari unaogawa kila kitu ni siku 90. Kozi isiyozidi hapo huenda na viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka. Ikizidi unaomba viza ya kitaifa, aina ya D, ya masomo. Ubalozi utataka barua ya shule inayoonyesha saa za masomo kwa wiki, mahali pa kulala, bima ya afya, na ushahidi wa fedha. Kwenye fedha, akaunti iwe na uhai: mishahara au biashara inayoingia na kutoka, si rundo lililowekwa jana na mjomba. Mjomba akiwa ndiye mdhamini, aandike hivyo na aonyeshe akaunti yake mwenyewe. Vyeti vya shule huhitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa, kazi ambayo hula wiki nyingi, kwa hiyo anza nayo. Wizara ya mambo ya nje ya Italia hutoa ufadhili, na umo wa kozi fupi za lugha na utamaduni. Soma kama nchi yako imo katika orodha ya mwaka huo. Usiuchanganye na misaada ya mikoa, ambayo ni ya walioandikishwa kwenye shahada.

Ukiwa na viza ya D, saa inaanza kuhesabu ukitua. Una siku 8 za kazi kuomba *permesso di soggiorno*, kibali cha ukaaji. Fomu zake huchukuliwa posta, zinabandikwa stempu ya serikali ya euro 16 inayouzwa kwenye maduka ya tumbaku yenye herufi T, na unapewa tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Beba nakala za pasipoti na za kila karatasi uliyopeleka ubalozini, kwa sababu utaulizwa zilezile. Kadi yenyewe huchelewa. Risiti ya posta inakutosha ndani ya Italia, lakini viza ikishaisha risiti hiyo haikupitishi Ufaransa wala Ujerumani, kwa hiyo usiahidi binamu wa Paris kwamba Pasaka utakuwa kwake. Kibali cha masomo kinaruhusu kazi hadi saa 20 kwa wiki. Kupanga bajeti nzima juu ya kazi ambayo hujaipata ni kucheza kamari.

Mzigoni, adapta ya umeme ni lazima, maana plagi zetu za miguu mitatu minene haziingii kwenye soketi za Italia. Nguo nzito pia: Perugia iko juu ya kilima, na joto la majengo huwashwa kwa kalenda ya sheria, katikati ya Oktoba kwa miji ya baridi kama huo, hata kama wewe umeanza kutetemeka Septemba. Asiyekula nguruwe ajifunze neno *strutto* mapema. Ni mafuta ya nguruwe, na mkate wa piadina mara nyingi hukandwa nayo.

Lililobaki ni chumba, nami nakipa uzito kuliko darasa. Darasani utakaa saa nne. Jikoni na wenzako wa nyumba utakaa jioni nzima. Kaa na Waitaliano, au na mtu ambaye lugha pekee mnayoshirikiana ni Kiitaliano. Kukaa na Wakenya na Watanzania wenzako kunafariji sana, na miezi sita baadaye bado utaagiza kahawa kwa kidole. Usitume amana kwa mtu anayekuonyesha picha tu. Uliza kama mkataba utasajiliwa, na kama mwenye nyumba atatoa taarifa polisi ndani ya saa 48 kwamba amempokea mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, kama sheria inavyomtaka. Akikwepa swali hilo, tafuta chumba kingine ungali nyumbani.