Kusoma haki ya jinai na kuandika programu kwa pamoja: anza na saa 24

Wadogo zangu mnaosoma chuo mkiwa hapa Lamu, mkiona kwenye orodha ya muhula kuna haki ya jinai na utangulizi wa kuandika programu, msiache hata moja. Mimi niliyasoma yote mawili jioni, baada ya kufunga duka la mjomba Langoni. La kompyuta lilinilemea mpaka nilipoacha mazoezi ya kujumlisha namba, nikaanza kuandika sheria yenyewe.

Chukua Katiba ya 2010, Kifungu cha 49. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, zisipite saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, basi mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Soma tena polepole: hizo ni "if" (ikiwa) na "else" (la sivyo) za programu tayari. Ziandike kwa kalamu, kwa Kiswahili, ndipo ufungue Python, lugha ya kuandikia programu. Programu ipokee siku na saa ya kukamatwa, itoe siku ya mwisho.

Kisha ijaribu. Jumanne saa tatu asubuhi, jibu ni Jumatano saa tatu. Jumanne saa nne usiku, Alhamisi. Ijumaa saa nne usiku, Jumatatu.

Hapo utakwama, kama nilivyokwama siku tatu. Saa nne usiku yetu kwa kompyuta ni 22:00. Ukiandika 4 umemkamata mtu alfajiri. Kwetu siku ya kwanza ni Jumamosi, jina lenyewe linasema. Python huanza Jumatatu, tena huipa 0, kwa hiyo Ijumaa ni 4. Na zito zaidi: mzee wa hapa akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, maana siku yetu huingia magharibi. Karani kutoka bara ataandika Ijumaa usiku. Siku nzima imepotea, na shahidi aliyesema kweli ataonekana mwongo mbele ya hakimu. Hili linaniuma sana. Ukichukua taarifa ya mtu, muulize: kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake? Kisha uandike tarehe, si jina la siku peke yake.

Sikukuu ziweke kwenye faili yake. Idi hungoja mwezi uandame. Huwezi kuifunga ndani ya programu mwaka mzima kabla.

Asubuhi moja kila wiki nenda mahakamani uketi nyuma, kesi husikizwa hadharani. Andika kila saa na siku inayotajwa, jioni uziingize kwenye programu yako. Ikitoa jibu lisilolingana na la kalamu, usiguse mstari wowote kabla ya kufungua tena Kifungu cha 49. Mimi, mara nyingi kosa lilikuwa katika kusoma kwangu.