Lori la tenki likipinduka mtaani kwenu: ukae wapi, umpigie nani, umwambie nini

Ukikaa kandokando ya barabara kubwa kama hii ya Dar kwenda Morogoro mpaka Tunduma, kuna siku utalikuta tu lori la tenki limelala ubavu, mafuta yanachuruzika mtaroni, na kabla hata trafiki hajafika watu washajaa na madumu. Mwisho wake tunaujua. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walikufa zaidi ya watu 100. Sachang'wan karibu na Molo kule Kenya, Januari 2009, nako zaidi ya 100. Sange, Kivu ya Kusini kule Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Sasa angalia kitu kimoja, kote huko lori lilianguka kwanza moto ukaja baadaye, yani muda wa kuondoka ulikuwepo, ila watu waliutumia kusogea karibu.

Kwa hiyo cha kwanza ondoka, simu utapiga ukishafika mbali. Swali ni uelekee wapi, maana mtu anakimbia tu anakoelekea kila mtu, kumbe ndo anaufuata mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unatambaa chini, unafuata mtaro na mabonde mpaka unaenda kukutana na jiko la mama ntilie huko chini ambaye hana hata habari kwamba kuna ajali. Angalia vumbi, moshi au nguo zilizoanikwa kwenye kamba ujue upepo unaelekea wapi, halafu wewe nenda kule unakotokea, na kama kuna kilima panda. Pikipiki usiwashe, sigara usiguse, na majirani wa upande unaopuliziwa waambiwe wazime majiko watoke.

Umbali je? Kwa petroli inayovuja kidogo usikae ndani ya mita 50 pande zote, ikiwa imemwagika nyingi basi upande upepo unakoelekea watu waondoke walau mita 300, na tenki likishashika moto ni mita 800 kila upande. Lori la gesi ya kupikia likiwaka ni zaidi ya kilomita moja na nusu, na hapo sio mambo ya kusimama kurekodi video.

Haya, umeshafika mbali. Vuta kamera ya simu utafute namba kwenye tenki. Malori mengi yana kibao cha rangi ya chungwa au ile alama ya almasi, na humo kuna namba ya tarakimu nne. 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1075 gesi ya kupikia, 1830 asidi ya salfuriki, 1689 sayanaidi ya sodiamu ile wanayopelekewa migodi ya dhahabu. Kibao kikiwa na namba mbili, ya juu inaeleza hatari yenyewe, 33 maana yake kinawaka upesi sana, na ukiona herufi X mbele ya hiyo namba ujue kitu hicho hakitakiwi kukutana na maji kabisa. Namba isiposomeka usisogee kuisoma, taja rangi ya tenki na maandishi ya ubavuni yatosha.

Sasa simu. Tanzania zimamoto ni 114, polisi 112. Kenya piga 999 au 112. Wengi wakipokelewa wanapiga kelele tu "kuna ajali, njooni haraka!" halafu wanakata, na zimamoto wanabaki kuulizana ni wapi. Ongea hivi: "Lori la tenki limepinduka Mikese, mkono wa kushoto ukitokea Dar, mbele kidogo ya mzani. Kibao kina 33 juu na 1203 chini. Linavuja, halijawaka. Mafuta yanaingia mtaroni kuelekea mtoni, upepo unapeleka kwenye nyumba. Dereva katoka, utingo kabanwa." Usikate mpaka wakwambie ukate. Halafu mpigie mwenyekiti wa mtaa, maana ndiye mwenye kusikilizwa akisema watu warudi nyuma, wewe peke yako watakuona mshamba tu.

Kuna walioumia. Aliyemwagikiwa mwilini avuliwe nguo kisha amwagiwe maji mengi, macho yaoshwe dakika 15 hadi 20 bila kuacha. Aliyemeza petroli wakati wa kunyonya na mpira, jamani, msimpe maziwa na msimtapishe! Najua kila mtaa una bibi anayeamini maziwa yanaua sumu, ila petroli ikipanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu na hapo ndo inaua. Mpeleke hospitali hivyo hivyo, na mwambie daktari alichokunywa.

Kwa dumu la oili au dizeli lililopasuka gereji au stoo, hilo unaliweza mwenyewe, zungushia mchanga au maranda ya mbao, acha yanyonye, zoa weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Usisukumie kwenye mfereji kwa maji na sabuni, tatizo umelihamishia kwa wenzako tu. Ila asidi au dawa za mashamba usizozijua jina, funga mlango uite watu.

Kuna na ajali ile isiyokuwa na moto wala kelele, mto umebadilika rangi, samaki wanaelea, kisima kinanuka mafuta. Hapo wapelekee taarifa watu wa mazingira wa serikali, NEMC (Kenya ni NEMA), na kama ni kemikali basi Mkemia Mkuu wa Serikali, na bodi ya maji ya bonde lenu. Sio hisani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana wajibu wa kutoa taarifa. Piga picha inayoonyesha na kitu kinachotambulika, daraja au shule, andika tarehe na saa, na wale samaki msiokote hata kama wanaonekana wazima. Maji ya hicho kisima msinywe, na msidhani kuyachemsha kunasaidia, mafuta na kemikali haziondoki kwa kuchemshwa.

Ukishapiga simu andika jina la aliyepokea na saa, kisha peleka barua kwa mtendaji wa kata, nakala yako igongwe muhuri. Wakija kuchukua sampuli baada ya wiki mto ushajisafisha, hiyo karatasi na picha zako ndo vitakuwa vimebaki.