Jinsi ya Kula Chakula cha Kihabeshi Unapopunguza Oksaleti

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata mawe ya figo ya kalsiamu oksaleti, akaambiwa na daktari apunguze oksaleti (kemikali iliyomo kwenye mboga na vyakula vingine vya mimea), mara nyingi chini ya miligramu 100 kwa siku. Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri wa lishe huwa wameshaiaga injera, ule mkate laini wa Kihabeshi unaoliwa na kila mchuzi. Hakuna haja.

Hatua ya 1: Angalia ni siku gani. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, pamoja na Kwaresima yote, na hawagusi nyama, mayai wala maziwa. Mikahawani huandaliwa beyaynetu ya mfungo, sinia la mboga na kunde tupu. Ukiliangalia utadhani ndilo salama kuliko yote, kumbe ndilo la kuchunguzwa zaidi: bitiruti mara nyingi imo, na jibini haimo.

Hatua ya 2: Uliza majani ni yapi. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Gomen ni jamii ya sukuma wiki, oksaleti yake ni kidogo, kula ushibe. Kosta ni ile mboga ya bua nene jeupe ambayo masoko ya Kenya huiita spinachi, na oksaleti yake ni nyingi mno. Zikishapikwa hufanana, basi usikisie. Mwulize mhudumu kwa majina hayo: "Ni gomen au kosta?" Bitiruti, yaani key sir, omba isiwekwe kabisa, maana maji yake huloweka injera iliyo chini.

Hatua ya 3: Agiza ayib. Ni jibini laini nyeupe ya Kihabeshi. Kalsiamu yake hushikana na oksaleti tumboni, vikatoka pamoja chooni badala ya kufika kwenye figo. Ila lazima viliwe mlo mmoja: kila tonge la mboga, chota na ayib kidogo.

Hatua ya 4: Chagua mchuzi. Doro wat ni kuku, yai na vitunguu vingi vilivyokaangwa taratibu. Nyama na mayai havina tatizo la oksaleti. Kitfo, nyama ya ng'ombe mbichi iliyosagwa, pia inafaa. Usiyependa nyama mbichi, sema "leb leb" ipashwe moto. Misir wat, ya adesi nyekundu, kula kwa kiasi. Alicha, mchuzi usio na pilipili kali, hupata rangi yake kwa bizari ya manjano, ambayo ina oksaleti nyingi, lakini kijiko kidogo kwenye sufuria ya watu wengi hakinitishi. Vidonge vya bizari hiyo ndivyo ninavyovikataza.

Hatua ya 5: Pima injera. Teff, nafaka inayotengenezewa injera, husagwa na pumba zake zenye oksaleti, kwa hiyo usile bila hesabu. Kwa kuwa injera ndiyo kijiko chako, ni rahisi kupitiliza. Chukua moja iliyokunjwa, ikiisha basi.

Hatua ya 6: Kunywa maji. Lenga kukojoa lita 2.5 kwa siku. Baada ya mlo, buna (kahawa) ni bora kuliko chai ya rangi iliyokolea.

Kama figo zako zimeshaanza kushindwa kazi, usifuate orodha hii kabla ya kuonana na daktari wako. Potasiamu nayo itabidi ihesabiwe.