Namna ya kufanya kipimo cha kobalti cha Lubumbashi kilinganike na cha maabara za ng'ambo

Hidroksidi ya kobalti, yaani unga wa kobalti ambao bado haujasafishwa kikamilifu, unaotoka Lubumbashi, Kongo, hupimwa kwanza hapa, kisha hupimwa tena na mnunuzi ng'ambo, na tofauti ya nusu asilimia kati ya namba hizo mbili hubadilisha malipo ya shehena nzima. Mashine mpya peke yake haitaondoa tofauti hiyo. Sharti kila maabara iifunge namba yake kwenye marejeo yaleyale.

Anza kwa kuandika ni kitu gani hasa kinachopimwa: asilimia ya kobalti katika uzito wa sampuli iliyokaushwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwa sababu sampuli iliyokauka huvuta unyevu wa hewa, hasa katika miezi ya mvua. Kubalianeni joto la kukaushia, kwa mfano nyuzi 105 za Selsiasi, mpaka uzito usibadilike tena; sampuli ipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye kikaushio, na ipimwe uzito bila kukawia.

Mizani ikaguliwe kwa mawe yenye cheti. Mimumunyo ya kusawazishia mashine itoke kwa mtengenezaji anayefuata ISO 17034, kiwango cha kimataifa cha watengenezaji wa sampuli na mimumunyo rejea, na cheti chake kitaje thamani, shaka ya thamani hiyo (kiasi ambacho huenda imepotoka juu au chini), na mnyororo wa vipimo unaoifikisha kwenye kilo na moli, vizio vya kimataifa vya uzito na kiasi cha dutu. Kisha pima sampuli rejea, yaani yenye thamani iliyokwisha kuthibitishwa, inayofanana na hidroksidi yenyewe, kwa kuwa mmumunyo safi hauonyeshi kama asidi imeyeyusha sampuli yote, wala kama manganizi inavuruga usomaji.

Namba isiyotaja shaka yake hailinganishwi na nyingine. Ukipata asilimia 30,2 ± 0,3 ya kobalti na mwenzako 29,7 ± 0,3, zote kwa uhakika wa asilimia 95, zidisha kila shaka kwa yenyewe, jumlisha, utafute kipeuo cha pili: ni 0,42. Tofauti ya 0,5 imezidi hapo, kwa hiyo kuna kosa la kutafutwa. Kama shaka zingekuwa 0,4, kipeuo kingekuwa 0,57 na namba zingekubaliana. Lakini kupanua shaka ili kununua makubaliano ni udanganyifu. Ihesabu kwa uaminifu, pamoja na ile inayotokana na uchukuaji wa sampuli kutoka magunia.

Mwisho, jiunge na majaribio ya ulinganisho, ambamo maabara nyingi hupima sampuli moja bila kujua jibu. Alama ya z, inayoonyesha jibu lako liko mbali kiasi gani na thamani iliyokubaliwa, hukubalika isipozidi 2 juu au chini ya sifuri. Ikifika 3, simamisha utoaji wa matokeo ya kipimo hicho hadi chanzo kipatikane.